Cherero, Digidigi na Pori la Usukuma

Mwaka 1887 Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa jumba la makumbusho la Berlin, alichapisha maelezo ya kasuku mdogo wa sentimita 14 hivi: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho. Akampa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyepita kusini mwa Ziwa Victoria katika safari ya 1885 na 1886, akarudi kwao na kufariki kabla ya mwaka huo wa pili kwisha. Kwa Kiswahili kasuku huyu anaitwa cherero. Mwaka huohuo Reichenow alimwandika pia mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, ndege ambaye hadi leo makazi yake karibu yote yako kaskazini mwa Tanzania. Miaka saba kabla yake Albert Günther wa London alikuwa amemwandika digidigi, yule swala wa kilo nne hadi sita mwenye pua ndefu inayochezacheza, kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, kutokana na mnyama aliyetoka Barawa, pwani ya Benadiri. Kwa hiyo cherero na digidigi, viumbe wawili wanaoishi pamoja katika mbuga na vichaka vya Ntuzu, Itilima, Kanadi na Meatu, waliingia vitabuni katika muongo mmoja, na wote wawili kwa majina ya wageni. Baada ya hapo njia zao ziliachana. Cherero akawa bidhaa ya dunia nzima. Digidigi akabaki kuwa kitoweo cha wachache na kivuli kinachopita kichakani. Tofauti hiyo inanoga kusimuliwa, na ndiyo maana imesimuliwa sana upande wa ndege. Lakini mimi nadai kwamba siyo iliyoamua maisha yao. Yaliyoamua ni mambo ya ardhi: nani alifyeka, nani alilima, nani alifunga, na kwa amri ya nani. Historia ya wanyama wadogo katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu ni tawi la historia ya jembe kuliko la historia ya mtego.

Wapo watakaouliza ndege na mnyama wa miguu minne wanalinganishwaje. Ulinganisho wa jinsi hii huwa hauna maana kama tunatafuta nani mzuri au nani adimu kuliko mwenzake. Unapata maana pale ambapo wote wawili wanaishi katika pori lilelile, wanakumbwa na mambo yaleyale, halafu wanayapokea kwa namna tofauti; hapo mmoja anatusaidia kusoma kilichompata mwingine. Na hawa wawili wanafanana kuliko inavyodhaniwa. Wote ni wadogo, wote ni wa maisha ya jozi. Cherero hukaa na mwenza wake mwaka hadi mwaka, wakisafishana manyoya, na tabia hiyo ndiyo iliyowapatia Ulaya jina la ndege wa mapenzi na kuwafanya wauzwe wawiliwawili. Digidigi naye ni hivyohivyo, na pengine zaidi: dume na jike hushika eneo la hekta chache, wakaliwekea alama kwa marundo ya kinyesi na kwa ute mweusi wa tezi zilizo mbele ya macho, wakaishi humo mpaka mmoja wao afe. Hubert na Ursula Hendrichs waliochunguza digidigi wa Serengeti walichapisha kitabu juu yao mwaka 1971, wakiwaweka bega kwa bega na tembo, jambo linalochekesha kidogo kwa anayeijua hadithi ya Afrika Mashariki ya digidigi aliyerundika kinyesi chake ili amkwaze tembo. Tofauti kubwa kati ya wawili hawa ni moja tu: cherero ana mabawa. Mwaka wa ukame huhama kufuata mbegu na maji. Digidigi hana pa kwenda. Eneo lake likifyekwa hahamii la jirani, kwa sababu la jirani lina wenyewe. Ndiyo maana digidigi ni shahidi mzuri wa ardhi, na cherero ni shahidi mzuri wa soko, na mtu anayesikiliza shahidi mmoja tu atatoa hukumu ya upande mmoja.

Tuanze na soko, kwa kuwa ndilo lenye makaratasi. Cherero hai walifika Marekani mwaka 1926 na Ulaya mwaka uliofuata, na haukupita muda wakaanza kuzaliana katika vizimba. Kwa miongo kadhaa waliendelea kukamatwa kwa nyavu na ulimbo, wakasafirishwa ndani ya matundu hadi mijini na kupandishwa ndege. Biashara ilifikia kilele chake katika miaka ya 1980, wakati Tanzania na Senegal zilipokuwa juu kabisa miongoni mwa nchi za Afrika zilizouza ndege hai. Inasemwa katika kumbukumbu za uhifadhi kwamba mwaka 1987 cherero huyu ndiye ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Fikiria jambo hilo: ndege ambaye nchi yake ya asili ni duara dogo kati ya Ziwa Victoria, Serengeti na mbuga za Wembere, akauzwa kuliko kasuku wote wa Amazoni. Tanzania ilikuwa imejiunga na mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1979, na kuanzia 1981 karibu kasuku wote waliwekwa katika orodha inayohitaji vibali, lakini kibali hakikuzuia wingi, kiliuandika tu. Katika miaka ya 1990 Tanzania ikasitisha usafirishaji wa cherero wa porini. Marekani ilikuwa imepitisha sheria yake ya ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Sensa iliyochapishwa mwaka 1995 ilikadiria cherero waliobaki Tanzania kuwa kati ya laki tatu kasoro kidogo na milioni moja. Waliotoroka au kuachiwa wakakaa Naivasha nchini Kenya, wakachanganyika na ndugu zao wenye vichwa vyeusi, nao waliletwa na biashara hiyohiyo. Fischer aliwahi kufika Naivasha mwaka 1883, miaka miwili kabla ya kwenda kumkusanya ndege aliyebeba jina lake kusini mwa Ziwa Victoria; ndege huyo akamfuata huko karne moja baadaye, kwa mikono ya wafanyabiashara.

Digidigi hana rekodi ya namna hiyo. Ngozi za digidigi wa nchi ya Wasomali ziliwahi kusafirishwa kwa wingi kutengenezewa glavu, lakini digidigi wa Usukuma hakupata soko la mbali. Aliwindwa kwa mbwa, kwa wavu, kwa kitanzi, akaliwa palepale. Sheria nazo zilimpitia juujuu. Amri ya Wissmann ya mwaka 1896, sheria ya wanyamapori ya Waingereza ya 1921, ile ya 1940, ya 1951, kisha sheria ya Tanzania huru ya 1974 na ya 2009, zote ziliandikwa zikiwa na wanyama wakubwa akilini: tembo, faru, twiga, simba. Digidigi alionekana katika orodha ya wanyama wa leseni za bei ndogo, mahali ambapo karani hupitisha kalamu bila kusita. Kwa hiyo mtu anayetafuta historia ya digidigi katika mafaili ya idara ya wanyamapori atatoka mikono mitupu, na anaweza kudhani kwamba hakuna kilichompata. Kumbe kilichompata kimo katika mafaili ya idara nyingine: ya mbung'o, ya kilimo, ya mifugo, ya makazi.

Hadithi ya pori lenyewe inaanza na janga. Sotoka ilipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 kuelekea ziwani, aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa. Helge Kjekshus katika kitabu chake cha mwaka 1977, na John Ford kabla yake mwaka 1971, walionyesha kilichofuata: bila ng'ombe wa kulisha nyasi na bila watu wa kutosha wa kulima na kuchoma moto kwa wakati wake, vichaka vilirudi, na pamoja na vichaka wakarudi mbung'o. Mipaka iliyokuwa imeshikiliwa kwa vizazi kati ya makazi na pori ikasogea dhidi ya watu. Wapo wanahistoria waliolalamika kwamba Kjekshus aliipamba sana Afrika ya kabla ya ukoloni, kana kwamba ilikuwa bustani isiyo na njaa wala vita, na lalamiko hilo lina haki yake. Hata hivyo kiini cha hoja kimesimama. Na kwa digidigi kina maana ambayo waandishi hao hawakuifuatilia: kichaka kilichowatisha watemi wa Usukuma kilikuwa makao mapya ya swala huyu. Mnyama anayependa vichaka vya miiba na kivuli cha chini alipewa nchi nzima na ugonjwa wa ng'ombe. Cherero, anayetaka mbuga iliyotawanyika miti na nyasi fupi zenye mbegu, hakufaidika vivyo. Hatuwezi basi kuzungumzia wanyamapori wa mwaka 1900 kama kwamba ndiyo hali ya asili iliyoharibiwa baadaye. Ilikuwa hali ya muda, iliyozaliwa na maafa ya wafugaji.

Wakoloni Waingereza walilikuta pori hilo likisonga mbele na wakaamua kulirudisha nyuma. Jina kubwa hapa ni Charles Swynnerton, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika, ambaye baadaye aligeuka kuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o akiwa na makao Shinyanga. Aina ya mbung'o wa Shinyanga na Serengeti ilipewa jina lake mwaka 1923, heshima ambayo sijui kama mtu wa kawaida angeitamani. Mtu aliyeajiriwa kuhifadhi wanyama akawa mtu wa kuyafyeka makazi yao, na si kwa unafiki: aliona kwamba bila kushinda mbung'o hakuna ufugaji. Akishirikiana na Mtemi Makwaia, aliita maelfu ya wanaume kufyeka pori kwa pamoja, kazi iliyoegemea desturi ya Wasukuma ya kulima na kujenga kwa makundi chini ya viongozi wa vijana. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, watafiti wa Shinyanga walijaribu njia nyingine, ya kuwaua kwa risasi wanyama wote wanaompa mbung'o damu katika eneo kubwa. Taarifa ya Potts na Jackson kuhusu jaribio hilo ilitoka mwaka 1952. Njia hiyo ilifanyika kwa ukubwa zaidi Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, ambako zaidi ya wanyama nusu milioni waliuawa katika miongo mitatu. Matokeo ya huko yanafundisha sana. Wanyama wakubwa walipungua au kutoweka. Nsya na swala wengine wadogo waliendelea kupatikana mwaka baada ya mwaka, kana kwamba hakuna aliyepiga risasi. Wanazaa haraka, wanajificha, na kila jozi ikiuawa vijana hushika nafasi iliyoachwa. Serikali zenye bunduki, mishahara na amri ya kumaliza kila mnyama zilishindwa kuwamaliza swala wadogo kwa uwindaji. Shoka na moto vilifanya kwa msimu mmoja kile ambacho bunduki haikufanya kwa miaka: palipofyekwa, hapakubaki kichaka cha kumficha digidigi, na hakuna kijana wa kushika nafasi pale ambapo nafasi yenyewe haipo.

Kilichofuata ni pamba. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, wenye makao Malya, ulitaka kuwapunguza watu na ng'ombe katika nchi ya kati iliyochoka, Kwimba na jirani zake, na kuwapeleka katika ardhi mpya iliyosafishwa mbung'o. Watu walihama, wengi bila kusubiri mpango: wengine magharibi kuelekea Geita, wengine mashariki kuelekea Maswa na Bariadi, kwenye mbuga nyeusi zinazoshuka kwenda mto Simiyu na mpaka wa Serengeti. Mbegu zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru. Soko likashikwa na ushirika wa Paul Bomani, ambao katika miaka ya 1950 ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Sitaki kuisimulia hadithi hii kama msiba. Pamba ilisomesha watoto, ilinunua ng'ombe, ilijenga nyumba za bati, na ushirika ule uliwapa wakulima sauti mbele ya Wahindi wenye viwanda na mbele ya serikali. Ila kwa wanyama wadogo ilikuwa badiliko zito kuliko biashara yoyote ya ndege. Shamba la mtama humlisha cherero, hata kama mwenye shamba anaweka watoto kuamia ndege kutwa. Shamba la pamba halimlishi. Shamba la pamba halimfichi digidigi pia. Utafiti wa Anthony Sinclair na wenzake uliochapishwa mwaka 2002 ulilinganisha ndege wa ndani ya Serengeti na wa mashamba yaliyo jirani nayo. Wingi wa ndege wale wale ulikuwa mashambani asilimia 28 tu ya ule wa mbuga ya asili, na karibu nusu ya aina za ndege wala mbegu na wala wadudu hazikuonekana kabisa mashambani. Hapo hakuna mtego wala tundu wala ndege iliyoruka kwenda Ulaya. Ni jembe, na baadaye plau ya ng'ombe.

Naamini hapa ndipo pingamizi lenye nguvu linapoingia. Mtetezi wa cherero atasema: biashara ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na idadi ilishuka, unataka kuwaosha wafanyabiashara kwa kumsingizia mkulima? Siwaoshi. Kukamata makundi kwa makundi karibu na maji kulipunguza cherero nje ya hifadhi, na marufuku ilikuwa ya haki. Lakini tazama yaliyofuata baada ya marufuku. Mtego ukiondolewa, ndege anayezaa mayai matatu hadi manane kwa mara moja huweza kujaza pengo, mradi ana tundu la mti la kutagia, na mbegu chini. Cherero hatengenezi tundu lake kutoka mwanzo. Hutumia matundu ya miti iliyozeeka, na pengine viota vilivyoachwa na yule mnana mkubwa wa mkia wa kutu, ambaye naye anahitaji migunga ya kuning'inizia viota vyake. Msururu wote unarudi kwenye mti uliosimama. Sheria ya soko inaweza kumrudishia ndege uhuru wake. Mti aliokuwa akitagia haumo katika sheria hiyo, wala hakuna ofisa wa forodha anayeweza kuuokoa. Digidigi anathibitisha jambo hilo kwa kinyume chake: hakuwahi kuwa na soko la nje, hakuna aliyehitaji kumpigia marufuku, na bado alitoweka katika sehemu kubwa ya mbuga zilizolimwa. Kama biashara ndiyo ingekuwa sababu kuu, yeye angepaswa kuwa amejaa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wahifadhi: kilichowaokoa wanyama hawa ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na Pori la Akiba la Maswa lililotengwa mwaka 1962, hivyo sheria ya uwindaji ndiyo iliyofanya kazi. Ni kweli kwamba leo atakayetaka kuwaona cherero na digidigi kwa uhakika ataelekea huko. Lakini hifadhi ni nini kama si kanuni ya ardhi? Nguvu ya Maswa haikuwa hasa katika kuzuia uwindaji. Pori la akiba kwa maana yake ya kisheria ni mahali ambapo uwindaji wa leseni unaruhusiwa, na Maswa imekuwa kwa miongo mingi kitalu cha watalii wawindaji. Wanyama wanapigwa risasi humo kihalali, na bado wapo, kwa sababu hapalimwi. Mstari wa mpaka ndio uliofanya kazi, na mstari huo wenyewe ulisogezwa zaidi ya mara moja kwa kupunguza pori pale wakulima walipokuwa wameshaingia. Hata ndani ya Serengeti somo ni lilelile. Nyumbu walikuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakafika zaidi ya milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kilichowaongeza ni kuisha kwa sotoka baada ya ng'ombe wa vijijini kuchanjwa, wakiwemo ng'ombe wa Wasukuma. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi, moto ukapungua, miti ikaongezeka. Chanjo ya ng'ombe wa Bariadi na Meatu ikawa imeotesha migunga Serengeti, jambo ambalo hakuna askari wa doria aliyelipanga.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote umo katika ngitili. Wasukuma tangu zamani hufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, wakakiacha kwa ajili ya ndama, wagonjwa na ng'ombe wa maksai wakati wa kiangazi kikali. Ngitili ya mtu binafsi huwa karibu na boma. Ya kijiji huwa kubwa, na anayeingiza mifugo bila ruhusa hutozwa faini na dagashida, baraza la wazee na wananchi, ambalo tangu miaka ya 1980 lilipata mkono wa sungusungu wa kulisimamia. Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975 iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kilimalizwa kwa kuni na mifugo. Kufikia mwaka 1986, serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kama HASHI, ngitili zilizoandikishwa katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulibeba Bariadi, Maswa na Meatu, zilikuwa hekta kama 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Mradi ulitoa miche na ushauri, lakini sehemu kubwa ya kurudi huko haikupandwa na mtu: visiki vilivyokuwa hai ardhini viliachwa vichipue. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 ilihesabu katika ngitili aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Ilieleza pia hasara, maana pori likirudi hurudi na wanyama wanaoharibu mazao na kula mbuzi, fisi wakiwemo; hata hivyo faida ya kuni, malisho, dawa na matunda ilizidi. Hakuna ngitili iliyofungwa kwa ajili ya cherero au digidigi. Zilifungwa kwa ajili ya ng'ombe. Vichaka vilivyorudi ndivyo vilivyowapa nafasi wanyama wadogo, kama vile ufyekaji wa miaka ya 1920 ulivyowanyima bila kuwakusudia.

Mtu anaweza bado kusema kwamba digidigi ni mnyama asiyehitaji kuhurumiwa, kwani hustawi hata pale malisho yalipochoka na vichaka vya miiba vikavamia. Hilo ni sahihi, na ndilo linalomfanya awe kipimo kizuri. Mnyama anayeridhika na kichaka duni akishindwa kuishi mahali, basi hapo hapana hata kichaka duni. Cherero naye anaweza kula pembeni mwa shamba la mahindi. Hawa si viumbe wadekevu kama wale wa misitu ya Usambara na Udzungwa, ambao kila mmoja ana kilima chake na hawezi kuvuka bonde. Wanaomba kidogo. Kidogo hicho, miti michache yenye matundu na ukanda wa vichaka usioguswa, ndicho kinachozidi kuwa haba katika mkoa ulioundwa mwaka 2012 ukiwa na watu 1,584,157 na kuhesabiwa watu 2,140,497 miaka kumi baadaye, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba na wenye ng'ombe wengi.

Mijadala ya kitaifa kuhusu wanyamapori imebaki upande wa soko. Mwaka 2010 twiga walipakiwa katika ndege ya kigeni uwanja wa Kilimanjaro, na nchi ikachemka kwa miaka. Mwaka 2016 serikali ilisitisha usafirishaji wote wa wanyama hai. Juni 2022 ikatangaza kuwaruhusu wafanyabiashara waliokuwa na wanyama waliobaki mikononi wawasafirishe, kelele zikapigwa, na tangazo likasitishwa ndani ya siku chache. Sikatai kelele hizo. Ila uamuzi wa cherero na digidigi wa Simiyu kwa sasa unafanyika mahali pasipo na kamera, katika mikutano ya vijiji inayopanga matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, pale wajumbe wanapobishana kama eneo fulani liandikwe ngitili au ligawiwe vijana wanaotaka kulima pamba. Vijana wana hoja. Hawana ardhi na wameoa. Wazee wana hoja. Kiangazi cha mwaka jana ng'ombe walikufa. Mpimaji anasubiri na kamba yake, na mstari ukisogea hatua mia mbili upande mmoja, jozi moja au mbili za digidigi zinapata au kukosa eneo ambalo hazina jingine.